Asilimia 51 ya duka la bangi Chicago: saini yako, pesa ya nani?

SWALI: Natokea Tanga, naishi kusini mwa Chicago mwaka wa nane sasa, nina grini kadi na nilikuwa najiandaa kuomba uraia. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Kuna jamaa tuliyekutanishwa na mtu wa karibu, anataka niwe mmiliki wa asilimia 51 ya duka la bangi. Anasema jimbo linatoa leseni kwa watu wa mitaa kama wangu, na kwa kuwa mdogo wangu aliwahi kukamatwa na bangi mwaka 2014, nafaa mara mbili. Mtaji wote ni wake. Mimi nisaini tu, nipewe dola 5,000 sasa na mgao baadaye. Kampuni anayotoka inajitangaza sana kwamba inasaidia jamii zilizoumizwa. Je, hii ndiyo ile haki wanayoisema, au natumiwa? – Mama Zuhura, Chicago

JIBU: Mama Zuhura, nikupe jibu kwanza, sababu zifuate: usisaini, na hizo dola 5,000 usizipokee hata kama mkopo. Habari ya halali na haramu hukuniuliza, na ungeniuliza ningekwambia umwone sheikh wako. Mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu, na baadhi ya wateja wangu wana maduka haya haya hapa Illinois. Kwa hiyo nitajibu nikiwa upande wa hesabu na mikataba. Ila nitaanza na jambo ambalo si la hesabu, maana likikupata hakuna mgao utakaokufidia.

Jimbo la Illinois liliruhusu bangi kuuzwa kwa watu wazima kuanzia 1 Januari 2020. Serikali kuu ya Marekani haijaruhusu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 iliiweka bangi daraja la kwanza la dawa zinazodhibitiwa, lile kali kuliko yote, pamoja na heroini, na grini kadi yako imetolewa na hiyo serikali kuu. Tarehe 19 Aprili 2019, USCIS, idara inayoshughulikia uraia, ilitoa mwongozo kwamba kujihusisha na bangi, ikiwamo kuajiriwa tu katika biashara yake, kunaweza kumfanya mwombaji aonekane hana tabia njema inayotakiwa kwa uraia, hata kama jimbo analoishi limeihalalisha. Mwaka huo huo, Denver, wahamiaji wawili waliowahi kufanya kazi katika sekta hii walijitokeza hadharani kueleza jinsi uraia ulivyowakwama, na meya wa mji wakati huo, Michael Hancock, akamwandikia barua Mwanasheria Mkuu wa Marekani kulalamika. Hao walikuwa waajiriwa. Wewe unaambiwa uwe mwenye duka.

Fomu ya uraia, N-400, inauliza wazi kama umewahi kuzalisha, kusambaza au kuuza dawa zinazodhibitiwa. Utajibu chini ya kiapo. Ukisema ndiyo, umejikwamisha. Ukisema hapana ilhali jina lako liko kwenye leseni ya jimbo, umedanganya serikali, na hilo ni kosa jingine zito zaidi. Tena usidhani mambo yanaishia kwenye uraia. Sheria ya uhamiaji haisubiri hukumu ya mahakama: ofisa akiwa na sababu ya kuamini kwamba umeshiriki kufanya biashara ya dawa hizo, anaweza kukuzuia usiingie nchini. Ukienda Tanga kwenye msiba ukarudi kupitia uwanja wa ndege wa O'Hare, hapo ndipo swali linapoweza kuulizwa, na mtu mwenye grini kadi hana kinga ya pasipoti ya Marekani. Jamaa yako, kama ni raia, haya hayamgusi, na pengine ndiyo maana hayamjii akilini.

Utasikia watu wakisema bangi inashushwa daraja. Ni kweli kwamba Mei 2024 Wizara ya Sheria ilipendekeza ihamishiwe daraja la tatu. Daraja la tatu bado ni la dawa zinazodhibitiwa. Kuhama huko kunasaidia kwenye kodi, nitakueleza hapa chini, lakini kwa mhamiaji mlango ni ule ule.

Sasa tuje kwenye swali lako lenyewe, kama hii ndiyo haki.

Haki hiyo ina chanzo cha kweli, na sitaki uondoke ukidhani yote ni porojo. ACLU, shirika la kutetea haki za raia, lilipochambua takwimu za polisi za mwaka 2018, lilikuta kwamba Illinois mtu mweusi alikuwa na uwezekano wa kukamatwa kwa kuwa na bangi karibu mara saba na nusu ya mtu mweupe, ilhali uvutaji wao haupishani sana. Mtu akishakamatwa anakosa kazi, anakosa nyumba ya kupanga, anakosa mkopo wa kusomea. Halafu bidhaa ile ile ikaja kuhalalishwa, na waliokuwa tayari na mamilioni ndio waliokuwa tayari kufungua maduka. Sheria aliyoisaini Gavana Pritzker mwezi Juni 2019 ilijaribu kulijibu hilo. Ilifuta kumbukumbu za watu (gavana alitoa msamaha kwa watu 11,017 kwa mkupuo mmoja, siku moja kabla ya mauzo kuanza), ilitenga asilimia 25 ya mapato ya kodi ya bangi kwa mitaa iliyoumia, na iliweka kundi la waombaji wa leseni wa usawa wa kijamii.

Kuingia kundi hilo kuna njia chache. Kampuni iwe na asilimia 51 ya umiliki na mamlaka mikononi mwa watu walioishi angalau miaka mitano kati ya kumi iliyopita katika eneo lililotajwa kuwa limeathirika. Au waliokamatwa au kutiwa hatiani wenyewe kwa makosa ya bangi yanayofutika. Au ndugu wa karibu wa hao waliokamatwa. Na hapa jamaa yako amekosea, au amekukosesha kwa makusudi. Ndugu wanaohesabiwa kwenye sheria ni mzazi, mlezi wa kisheria, mtoto, mume au mke, na mtu anayekutegemea au uliyekuwa unamtegemea kisheria. Ndugu wa kuzaliwa naye hayumo. Kukamatwa kwa mdogo wako hakukupi chochote. Kinachokufanya uwe lulu ni anwani ya nyumba yako.

Ilikuwapo na njia nyingine iliyoleta kelele sana: kampuni yenye wafanyakazi wa kudumu kumi au zaidi ingeweza kuitwa ya usawa kama zaidi ya nusu ya wafanyakazi hao wanatoka kwenye makundi niliyotaja, hata kama wenye mali ni matajiri watupu. Wanaharakati weusi wa Chicago walikipa kifungu hicho jina la kifungu cha bwana wa watumwa. Jina kali, lakini walilenga.

Kilichofuata nakieleza kwa ufupi. Kampuni zilizokuwa zikiuza bangi ya tiba ziliruhusiwa kuanza mara moja, na Januari 2020 peke yake jimbo liliuza bangi ya kiasi cha dola milioni 39. Leseni mpya 75, ambazo waombaji wa usawa walipewa alama za ziada, zilitakiwa kutoka ifikapo Mei 2020. Corona ikaja. Septemba 2020 yakatangazwa matokeo: kati ya mamia ya waombaji, 21 tu ndio waliopata alama zote na kustahili kuingia kwenye bahati nasibu. Alama hizo zilikuwa hazikamiliki kama huna askari mstaafu miongoni mwa wamiliki. Watu wakaenda mahakamani. Bunge la jimbo likaongeza leseni 110 mwaka 2021, bahati nasibu tatu zikachezeshwa kati ya Julai na Agosti, mahakama ikazuia, ikaachia Mei 2022, na maduka ya kwanza ya usawa yakafungua milango mwishoni mwa 2022. Karibu miaka mitatu! Mwaka 2021 peke yake, wakati hakuna duka hata moja la usawa lililofunguliwa, mauzo ya jimbo yalipita dola bilioni 1.3.

Nimelitaja hilo kwa sababu ndilo lililomzaa jamaa yako. Waombaji wengi walishapanga majengo na kulipa mawakili wakingojea. Benki nyingi zinaogopa bangi kwa sababu ya sheria ya shirikisho. Mikopo iliyoahidiwa na serikali ilichelewa. Mtu ana leseni mkononi na hana hata senti ya kununulia kabati. Huku kampuni kubwa zinazuiwa na sheria kuwa na hisa katika zaidi ya maduka kumi, na zinataka zaidi ya hapo. Mwenye leseni asiye na pesa na mwenye pesa asiyeruhusiwa leseni wakikutana, mkataba unaoandikwa huwa ni wa yule mwenye pesa.

Mikataba hiyo ninaisoma kazini. Ukurasa wa kwanza huwa mtamu: mama fulani, asilimia 51. Kisha unafungua katikati. Unakuta hisa ziko za aina mbili, zako zikiwa za aina ya pili, zisizopiga kura juu ya bajeti, ajira, mikopo wala kuuza kampuni. Unakuta mkataba wa pembeni wa usimamizi, ambapo kampuni ya yule yule mwekezaji inalipwa kila mwezi asilimia fulani ya mauzo, narudia, ya mauzo na si ya faida, kabla ya mtu mwingine yeyote kuona kitu. Unakuta mtaji alioutoa haukuingia kama mtaji, umeingia kama deni la kampuni lenye riba kubwa, na deni likicheleweshwa linageuka kuwa hisa. Unakuta haki ya kukununua wakati wowote kwa bei iliyokwisha kuandikwa, ambayo haiongezeki hata duka likipanda thamani mara kumi. Na nyuma kabisa, kwenye karatasi inayoletwa siku ya mwisho watu wakiwa na haraka, kuna dhamana binafsi: pango la jengo likishindikana kulipwa, mwenye jengo anakudai wewe, gari lako na akiba yako.

Sheria inasema umiliki na mamlaka, yote mawili, kwa hiyo mkataba wa namna hiyo ukikaguliwa vizuri unaweza kuhatarisha leseni. Na aliyeapa mbele ya jimbo kwamba ndiye mwenye kuendesha duka ni wewe. Kwetu mtu aliyeazimisha jina lake kwenye kiwanja cha mwenzake anajua kilichompata siku mpimaji alipokuja. Huku ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba anayekuja ni mkaguzi wa kodi.

Hiyo kodi nayo tuitazame kwa tarakimu, maana hapa ndipo watu wanapolia. Kuna kifungu cha kodi ya shirikisho kinachoitwa 280E, cha mwaka 1982. Kinasema anayefanya biashara ya dawa za daraja la kwanza au la pili haruhusiwi kuondoa gharama za uendeshaji kwenye hesabu ya kodi. Anaruhusiwa kuondoa gharama ya bidhaa tu. Chukua duka dogo la mfano lililouza dola 1,000,000 kwa mwaka. Bidhaa zilinunuliwa kwa 600,000. Pango, mishahara, walinzi na riba vikala 350,000. Kilichobaki ni 50,000. Duka la nguo lingetozwa kodi juu ya hizo 50,000. Duka la bangi, chini ya 280E, linahesabiwa kuwa na pato la 400,000, na kwa kiwango cha asilimia 21 cha makampuni, kodi ni 84,000. Faida ni 50,000, kodi 84,000. Duka limefanya kazi mwaka mzima limepata hasara ya 34,000.

Hapo ni kama duka linatozwa kama kampuni inayojitegemea. Mengi ya haya yanaandikishwa kwa namna ambayo kodi hupita kampuni na kuangukia wenye hisa. Basi mwisho wa mwaka utaletewa karatasi inayosema sehemu yako ya pato ni asilimia 51 ya 400,000, yaani dola 204,000. Hukuzipokea. Hazipo. Lakini zitaingia kwenye fomu yako ya kodi pamoja na mshahara wako wa kutunza wazee, na serikali itakudai makumi ya maelfu. Mkataba mzuri unakuwa na kifungu kinacholazimisha kampuni ikulipie kodi hiyo kwanza kabla ya mgao wowote. Kwenye mikataba ya kuazima majina, kifungu hicho hukioni. Bangi ikiwa kweli imehamia daraja la tatu, 280E haitaigusa tena. Lakini deni la miaka ya nyuma halifutiki kwa kuhama huko.

Umeuliza pia kuhusu kampuni inayojitangaza kusaidia jamii. Mimi siku hizi matangazo siyasomi, nauliza vitu vichache vinavyohesabika. Mwanzoni sheria ya Illinois iliyataka maduka ya tiba yaliyotaka kutangulia kuuza kwa watu wazima yalipe ada ya mfuko wa kuendeleza waombaji wa usawa: asilimia 3 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, lakini isizidi dola 100,000. Kwa duka lililokwenda kuuza mamilioni bila mshindani mpya kwa karibu miaka mitatu, dola laki moja ni bei ya tiketi. Ukiona kampuni inajisifu kwa malipo ya namna hiyo, jua inajisifu kwa kutii sheria. Vivyo hivyo zile asilimia 25 za R3, mfuko wa kurejesha mitaa: kwa sehemu kubwa zinatoka kwenye kodi anayolipa mnunuzi pale kaunta. Kampuni inazipitisha tu.

Ninachouliza mimi ni hiki. Rafu za duka zina bidhaa za wazalishaji wadogo wa usawa kwa kiasi gani, au zimejaa bidhaa za kampuni mama peke yake? Mzalishaji mdogo akileta mzigo analipwa baada ya siku ngapi? Mdogo anayengoja malipo kwa miezi anakuwa amegeuzwa benki ya mkubwa. Wafanyakazi wakitaka chama, kama wale wa Chicago waliojiunga na Teamsters Local 777, wanajadiliwa au wanaletewa washauri wa kuwavunja moyo? Na waliopewa ubia wa usawa miaka mitatu iliyopita, leo bado wamo? Swali hili la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mjini Oakland, uliokuwa wa kwanza Marekani kuweka mpango wa namna hii mwaka 2017, kampuni ziliweza kupata upendeleo wa leseni kwa kumpa mwombaji wa usawa nafasi ya futi za mraba 1,000 bila kodi ya pango kwa miaka mitatu. Wazo lilikuwa zuri. Wapo waliojenga biashara kwenye vyumba hivyo, na wapo waliopewa chumba kitupu, bila mtaji wala mafunzo, mpaka miaka ikaisha. Kwenye taarifa ya kampuni wote hao wanaandikwa kuwa wamesaidiwa.

Siku ukiwa raia, na ukiwa bado unaitaka biashara hii, ubia wa kweli upo na nimeuona. Una kura kwenye bajeti. Una mshahara kwa sababu unafanya kazi dukani, unajua mzigo umeingia lini na nani yuko zamu. Dhamana inaishia kwenye mali ya kampuni. Bei ya kukununua inapangwa na mthamini wa nje. Na wakili wako umemchagua wewe, hata kama anayemlipa ni mwekezaji. Mtu akikukatalia hilo la wakili, mazungumzo yamekwisha.

Kwa sasa mjibu jamaa kwa ujumbe mfupi wa maandishi: hustahili kwa sababu za uhamiaji, na hujaridhia jina lako wala anwani yako itumike kwenye ombi lolote. Uhifadhi. Kama ulishampa nakala ya kitambulisho au namba ya Social Security, iandikie idara ya jimbo inayosimamia leseni hizo uwaambie hujaomba chochote, na mwone wakili wa uhamiaji wiki hii. National Immigrant Justice Center wapo hapo hapo Chicago na wanahudumia watu wa kipato cha chini. Na kama shida yako ilikuwa mtaa wako upate chochote kutokana na bangi hii, fedha za R3 huombwa na vikundi na mashirika kwa ajili ya vijana, msaada wa kisheria, uchumi wa mtaa, kuzuia vurugu na kuwapokea waliotoka jela. Kikundi chenu cha akina mama kikishirikiana na shirika lililosajiliwa kinaweza kuingia humo bila mtu kugusa jani.

Halafu mdogo wako. Hukuniuliza habari zake, lakini ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wewe. Kama alitiwa hatiani, pengine anastahili kufutiwa kumbukumbu, na New Leaf Illinois watamsaidia bure. Ila kama naye si raia, asikimbilie kufuta. Kwa uhamiaji, hatia iliyofutwa na jimbo bado inahesabika, msamaha wa gavana nao haumwokoi, na ofisa anaweza kumtaka athibitishe ilikuwa gramu ngapi. Zikiwa 30 au pungufu, kwa matumizi yake mwenyewe, na ni mara moja tu, sheria ina nafuu kwake ya kutofukuzwa. Karatasi za kuthibitisha hilo zikishafutwa, hana cha kuonyesha. Aende kwanza kwa karani wa mahakama achukue nakala zilizogongwa muhuri za hati ya mashitaka na hukumu, aziweke, ndipo wakili wa uhamiaji amwambie kama aendelee. Na nafuu hiyo ni ya aliyeko ndani ya nchi. Mlangoni kanuni ni nyingine. Kama ana tiketi ya kwenda nyumbani, aiahirishe mpaka wakili aione hiyo hukumu.